Nodi Kabla ya Kamusi: Mtandao wa Redio za Ridhaa katika Linux na Suala la Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala ya uundaji wa istilahi za Kiswahili kuna dhana moja ambayo imekubalika kwa muda mrefu pasipo kuhojiwa vya kutosha, nayo ni kwamba orodha ya maneno hutangulia na matumizi hufuata. Kamati huketi, dhana za kigeni hupangwa kialfabeti, visawe hupendekezwa na kujadiliwa, kamusi huchapishwa, kisha husubiriwa watumiaji. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni zao mojawapo la utaratibu huo, na hakuna mwenye haki ya kuibeza juhudi iliyotumika. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba katika uwanja wa kompyuta na mawasiliano utaratibu huo umesimamishwa kichwa chini miguu juu. Ushahidi wa dai hili unapatikana mahali ambapo wanaisimu wa Kiswahili hawana desturi ya kuchungulia, yaani katika ujenzi wa nodi za mtandao wa pakiti wa redio za ridhaa kwa kutumia mfumo wa Linux.

Uteuzi wa mfano huu una sababu. Kwanza, teknolojia yenyewe ni ndogo kiasi cha mtu mmoja kuweza kuifahamu yote, kuanzia antena iliyo juu ya paa hadi herufi inayotokea kwenye kioo. Pili, ilijengwa na watu wasiolipwa, ambao walifundishana kwa maandishi. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kila neno linalotumika ndani yake linaweza kupimwa papo hapo: mwanafunzi akilielewa vibaya, mtambo haujibu.

Ilikotoka

Wazo la kugawanya ujumbe katika vipande vidogo na kuvirusha hewani, kila kipande kikiwa na anwani yake, lilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971 kwa mtandao ulioitwa ALOHAnet. Waendesha redio wa ridhaa walilichukua baadaye. Mwaka 1978 kundi la Montreal nchini Kanada lilirusha pakiti zao za kwanza. Wenzao wa Vancouver wakabuni kisanduku cha kudhibiti mawasiliano hayo. Nchini Marekani, ambako sheria iliruhusu herufi za kompyuta katika masafa ya ridhaa mwaka 1980, kundi la Tucson lilisanifu visanduku ambavyo mtu aliweza kuviunganisha mwenyewe nyumbani kwa kaa la kulehemu. Itifaki ya AX.25, iliyokubaliwa mwaka 1984, ilitokana na itifaki ya X.25 ya mashirika ya simu, ila mahali pa namba za wateja paliwekwa alama za mwito za waendesha redio.

Linux ilizaliwa mwaka 1991 katika mikono ya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki. Miaka michache baadaye Alan Cox wa Wales, ambaye mwenyewe alikuwa mwendesha redio wa ridhaa, aliiingiza itifaki ya AX.25 ndani ya kiini cha mfumo huo, na kazi ikaendelezwa na Jonathan Naylor. Kabla ya hapo Phil Karn wa Marekani alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa programu aliyoiandikia kompyuta ndogo, kwamba itifaki za intaneti zinaweza kupita juu ya redio za ridhaa. Hivyo basi, kufikia katikati ya miaka ya 1990 kompyuta kuukuu, modemu ya bei ndogo na redio ya VHF vilitosha kumfanya mtu awe na kituo chake cha mtandao bila ya kuomba waya kwa shirika lolote la simu. Terry Dawson wa Australia aliandika mwongozo ulioeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Mwongozo huo, na si kamusi yoyote, ndio uliosambaza msamiati wa fani hii duniani.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na habari hizi kama inavyodhaniwa. Satelaiti ndogo UoSAT-3, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Surrey na kurushwa Januari 1990, ilibeba mtambo wa kupokea pakiti, kuzihifadhi na kuzitoa ilipopita juu ya kituo kingine. Mbinu hiyo ililelewa na waendesha redio wa ridhaa, na shirika la SatelLife likaitumia kupeleka taarifa za tiba kwa madaktari wa nchi za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki. Ni vigumu kuamini kwamba mafundi walioelekeza antena zile walifanya kazi kimya, au kwamba walizungumza Kiingereza kitupu tangu asubuhi hadi satelaiti ilipozama. Walisemezana kwa namna fulani. Namna hiyo haikukusanywa, na hapo ndipo hasara ilipo.

Ridhaa, pakiti na stakabadhi

Neno la kwanza linalostahili kuangaliwa ni "ridhaa" lenyewe. Lugha ya michezo imelitumia kwa muda mrefu kumtofautisha mchezaji asiyelipwa na yule wa kulipwa. Likihamishiwa katika redio linafaa kuliko visawe vyake katika lugha za Ulaya, ambavyo mara nyingi hubeba harufu ya uchanga na kutojua. Mwendesha redio wa ridhaa hafanyi kazi kwa kuwa hajui. Anafanya kwa kuwa ameridhia, na dola nayo imemridhia kwa leseni. Neno moja limebeba nia ya mtu na idhini ya sheria. Hakuna kamati iliyolipanga hivyo.

"Pakiti" ni kisa kingine. Msafishaji lugha angependa "kifurushi", na miaka thelathini iliyopita angekuwa na hoja. Leo neno hilo limekwisha kuchukuliwa na wauzaji wa huduma za simu: Tanzania nzima inajua kuwa kifurushi hununuliwa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na kwamba huisha. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mtambo "umetuma kifurushi" ataelewa kuwa umemnunulia mwenzake muda wa maongezi. "Pakiti" inabaki, pamoja na kumbukumbu zake za maziwa na sigara, ambazo kwa hakika hazidhuru: kitu kilichofungwa, chenye kipimo, chenye maandishi kwa nje yanayosema kilichomo ndani.

Kila pakiti inayofika salama hujibiwa na fremu fupi inayomwambia mtumaji kuwa imepokelewa. Hapa Kiswahili kina neno la siku nyingi, "stakabadhi", ambalo karani wa mahakama, mchukuzi wa mizigo na mzazi aliyelipa ada wanalijua. Stakabadhi huthibitisha upokeaji tu, haithibitishi kuwa kilichopokewa kimesomwa, wala kwamba kimekubaliwa. Na hiyo ndiyo maana kamili inayotakiwa katika AX.25. Anayetumia "uthibitisho" au "jibu" atajikuta akieleza tena na tena kwamba hakukusudia hivyo.

Mwangwi na nodi

Mahali ambapo istilahi mbaya inaweza kuangusha mtandao mzima ni katika kutofautisha vituo viwili vinavyofanana kwa mbali. Kituo cha kwanza husikia pakiti iliyotajwa jina lake kama mpitishaji, kisha huirudia ilivyo. Hakikumbuki kitu, hakitoi stakabadhi, hakijui iwapo pakiti ilifika. Kituo cha pili huipokea pakiti kana kwamba ni yake, humpa mtumaji stakabadhi, huihifadhi, kisha hujitwika chenyewe jukumu la kuifikisha kwa kituo kinachofuata, kikiirudia hadi nacho kipate stakabadhi. Vyote viwili vinaweza kuitwa "kituo cha kupokezana", na aliyezoea mbio za vijiti hataona kosa. Lakini kosa lipo.

Chukuliwe mfano wa hesabu tu. Ujumbe unatakiwa kupita hatua tatu, na katika kila hatua pakiti nane kati ya kumi hufika. Kwa vituo vya aina ya kwanza, pakiti lazima ivuke hatua zote tatu na stakabadhi irudi hatua zote tatu bila kupotea popote. Uwezekano wake ni 0.8 mara sita, yaani takribani 0.26. Kwa wastani ujumbe utarushwa karibu mara nne, na kila mara kutoka mwanzo. Kwa vituo vya aina ya pili kila hatua hujitegemea: uwezekano wa pakiti kwenda na stakabadhi kurudi ni 0.64, na kinachopotea hurudiwa hapo hapo kilipopotea. Tofauti hii ndiyo iliyowafanya waendesha redio wa miaka ya 1980 kubuni NET/ROM, ambayo mwaka 1987 ilianza kugeuza virudiaji vya milimani kuwa vituo vyenye kumbukumbu.

Hivyo basi kituo cha kwanza kinastahili kuitwa "kituo cha mwangwi". Mlima unaorudisha sauti haumjibu mtu. Unarudia tu, na anayejua mlima anajua hivyo. Cha pili ni nodi. Wanaisimu watauliza kwa nini kisiwe "kifundo", neno ambalo wamelizoea katika michoro ya matawi ya sintaksia. Jibu ni kwamba kifundo katika mchoro wa matawi ni mahali pa kugawanyika tu, hakina kazi. Nodi ya mtandao inapokea, inatoa stakabadhi, inahifadhi, inachagua njia na kila baada ya muda inawatangazia jirani zake orodha ya vituo inavyovifahamu. Ingekuwa na jamaa katika Kiswahili cha zamani, angekuwa tarishi aliyepokea barua njiani kutoka kwa tarishi mwenzake na kuwajibika nayo tangu hapo. Neno la mkopo lisilo na picha yoyote ni afadhali kuliko neno la asili lenye picha ya uongo. Picha yake italetwa na kazi.

Hata katika matangazo hayo ya nodi kuna somo. Kila njia hupewa namba ya ubora isiyozidi 255, na njia inayopita kwa jirani hupunguziwa ubora kwa kuzidisha namba mbili na kugawa kwa 256. Njia ya 192 ikifuatwa na nyingine ya 192 hubaki na 144 tu. Namba hizo hazipimwi na mtambo. Mwendeshaji ndiye anayeziandika kwa kukadiria. "Ubora" hapa si sifa inayoonekana bali ni maoni ya jirani juu ya jirani yanayofifia kadiri yanavyosafiri. Mwalimu wa fasihi simulizi hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuandika faili

Katika Linux, kazi ya kuanzisha nodi huanza kwa faili fupi liitwalo axports, lililoko ndani ya saraka ya /etc/ax25. Kila mstari hueleza mlango mmoja wa redio kwa sehemu sita. Kwa kutumia alama ya mwito isiyo ya mtu yeyote, ambayo miongozo huitumia kwa mifano, mstari unaweza kuwa hivi:

vhf   N0CALL-1   1200   255   2   Mlango wa VHF, mwendo wa biti 1200

Sehemu ya kwanza ni jina la mlango. Ya pili ni alama ya mwito pamoja na namba ndogo kati ya 0 na 15 ambayo humwezesha mwendeshaji mmoja kuwa na vituo vingi. Ya tatu ni mwendo. Ya nne ni ukubwa wa pakiti kwa baiti. Ya tano ni idadi ya pakiti zinazoweza kutangulia kabla stakabadhi haijarudi. Ya sita ni maelezo kwa ajili ya binadamu. Kiini cha Linux hakijali kilichoandikwa humo. Kwa maneno mengine, katika mstari mzima ambao kwa wageni unaonekana kuwa mali ya Kiingereza, mashine inadai tarakimu na majina, na sehemu pekee inayohitaji lugha iko wazi kwa lugha yoyote. Vivyo hivyo kwa mistari yote inayotanguliwa na alama ya #, na vivyo hivyo kwa salamu ambayo nodi humpa anayebisha hodi.

Baada ya faili kuandikwa, amri ya kissattach huunganisha tundu la kompyuta na mlango uliotajwa, na amri ya kissparms huweka nyakati: muda ambao redio huhitaji kutulia kabla data haijaanza, mathalani milisekunde 300, urefu wa zamu ya kungoja, na uwezekano wa kuanza kusema masafa yanapokuwa kimya. Namba 63 katika kipimo kinachoishia 255 maana yake ni nafasi moja katika kila nne. Bila kungoja huku, vituo viwili vilivyokuwa vikimsubiri wa tatu amalize vitaanza pamoja na kugongana, kama watu wenye adabu ndogo barazani. Aidha, kuna tatizo la kituo kilichofichika: vituo viwili vilivyotenganishwa na kilima vyote vinaisikia nodi iliyo juu, lakini havisikiani vyenyewe, kwa hiyo kila kimoja hudhani masafa yako kimya. Dhana hii haihitaji neno jipya hata kidogo. Inahitaji kilima.

Neno "mlango" limetumika hapo juu kwa makusudi. Anayefasiri kwa kamusi ya kawaida ya Kiingereza atajikuta bandarini, na jahazi lake halitaondoka. Zaidi ya hayo, Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu vitatu: shimo la nyuma ya kompyuta linaloingizwa waya, njia ya redio iliyopewa jina katika axports, na namba inayotambulisha huduma katika itifaki za intaneti. Mtu anayefanya kazi huona tangu siku ya kwanza kuwa ni vitu vitatu. La kwanza ni tundu, la pili ni mlango, la tatu ni namba ya huduma. Mwenye orodha tu hana njia ya kuliona hilo, kwa kuwa katika orodha yake neno ni moja na nafasi ya kisawe ni moja.

Programu iitwayo ax25d hukaa kimya ikisikiliza. Anapotokea mgeni aliyeita alama fulani ya mwito, humtazama, hulinganisha na faili la masharti, kisha humkabidhi kwa programu inayomhusu au humkataa. Katika Unix aina hii ya programu huitwa kwa jina la viumbe wasioonekana wa Kiyunani, na mfasiri mwenye haraka atajaza kompyuta mapepo. Kiswahili kina "bawabu". Anakaa mlangoni, hana makuu, bila yeye hakuna anayeingia.

Jambo ambalo hakuna kamati ingeligundua hujitokeza katika amri za nodi yenyewe. Kwa mwendo wa biti 1200 kwa sekunde, salamu ya herufi 300 hukalia masafa kwa sekunde mbili kamili bila ya kuhesabu anwani, na wakati huo wote jirani wengine wanangoja. Kwa hiyo waendeshaji huandika amri kwa herufi moja tu: moja ya kuunganisha, moja ya kutaka orodha ya nodi, moja ya kuagana. Programu ya LinuxNode humruhusu mwenye nodi kuongeza majina yake mwenyewe ya amri, kwa hiyo hakuna kinachozuia nodi kuamriwa kwa Kiswahili. Lakini kwa umbo lipi la kitenzi? Kamusi na menyu nyingi za kompyuta hupendelea kiarifu kilichotanguliwa na "ku". Ikiwa amri ni kuunga, kuorodhesha na kuaga, zote zinaanza kwa herufi zile zile mbili, na ufupisho wa herufi moja hauwezekani. Zikiwa unga, orodhesha na aga, zinaachana tangu herufi ya kwanza. Suala la mofolojia limeamuliwa na upana wa masafa. Kwa upande mwingine, kitenzi cha Kiswahili kina uchumi ambao hapa unaonekana kwa hesabu: "nimekipokea" ni herufi 11, ilhali sentensi hiyo kwa Kiingereza huhitaji maneno manne na nafasi 18.

Pia isisahaulike kwamba mitambo mingi ya awali ilitarajia herufi za biti 7 tu. Wafaransa na Wajerumani waliona alama za lugha zao zikichujwa au kugeuzwa vitu vya ajabu. Kiswahili cha hati za Kilatini kilipita salama, kwa kuwa hakihitaji zaidi ya herufi za kawaida na kibainishi cha ng'ombe. Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu usingepita, na jambo hilo lingestahili makala yake.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba teknolojia hii imepitwa na wakati. Ni kweli kwamba biti 1200 kwa sekunde ni mwendo wa kobe, na hakuna mwenye akili timamu atakayedai kuwa redio ya VHF itachukua nafasi ya nyaya za chini ya bahari zilizofika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009. Hata hivyo, Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi kadhaa za eneo hili ziliona jinsi mawasiliano yanavyoyumba pindi njia zake zinapomilikiwa mbali na kurekebishwa mbali. Nodi ya mlimani inayotumia betri na nguvu ya jua ni ndogo, lakini mwenye nayo anaijua yote. Kwa mwalimu, hiyo ndiyo sifa kuu. Mtandao wa kasi hauonekani. Katika mtandao wa polepole mwanafunzi husikia pakiti kwa masikio yake, milio ya masafa ya 1200 na 2200 ikipishana, na huweza kuhesabu zilizopotea.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inasemwa kwamba fani nzima imeandikwa kwa Kiingereza, amri ni za Kiingereza, hata herufi hutajwa hewani kwa majina ya kimataifa. Kwa nini basi mwanafunzi asijifunze Kiingereza moja kwa moja? Jibu liko gereji. Fundi wa magari wa Kariakoo au Gikomba hufungua injini iliyobuniwa Japani kwa spana, jeki na bisibisi, hueleza hitilafu ya klachi na breki kwa sentensi za Kiswahili zisizo na kigugumizi, na kumfundisha mwanagenzi wake kwa sentensi hizo hizo. Majina ya vifaa yalikuja na vifaa. Sintaksia, hoja na onyo ni za kwao. Amri ya kissattach ni spana: haina haja ya kufasiriwa. Kinachohitaji Kiswahili ni sentensi inayosema lini itumike, kwa nini imekataa, na nini kiangaliwe kwanza.

Hapo ndipo juhudi za awali zilipoishia njiani. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ilikuwa fahari ya haki kuona menyu za programu huria zikisema Kiswahili. Lakini menyu ni orodha iliyowekewa vitufe. Inamwambia mtu jina la anachobonyeza, haimfundishi kwa nini abonyeze. Kiswahili kina orodha nyingi za istilahi na kina menyu. Kilichopungua ni nathari ya maelekezo, ile inayomshika mtu mkono kutoka waya hadi stakabadhi ya kwanza, na ambayo ndani yake istilahi hulazimika kusimama karibu na kitenzi chake na kuonyesha kama inaweza kufanya kazi.

Pingamizi la tatu husikika kwa sauti ya chini, kwamba mawasiliano ya ridhaa yanasimamiwa na sheria za kimataifa zinazokataza kuficha maana ya ujumbe, na kwamba lugha isiyojulikana na wengi inaweza kudhaniwa kuwa fumbo. Hofu hiyo haina msingi. Kanuni za redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zilidai kwa miaka mingi "lugha ya wazi", na tangu mkutano wa mwaka 2003 zinazuia ujumbe baina ya nchi usisimbwe kwa nia ya kuficha maana. Uwazi huo unahusu usimbaji tu. Hakuna lugha iliyoteuliwa. Kiswahili ni lugha ya wazi hewani kama kilivyo sokoni, na alama za mwito zinazoanza kwa 5H, 5Z, 5X, 9Q, 9U na 9X, yaani za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi na Rwanda, zote ni za nchi ambazo ndani yake nodi inaweza kumsalimu mgeni kwa Kiswahili na akaelewa.

Ipo pia habari ya anwani. Mwaka 1981 waendesha redio wa ridhaa walitengewa anwani zote za intaneti zinazoanza na 44, zaidi ya milioni 16, wakati ambapo hakuna aliyezithamini. Mwaka 2019 robo yake iliuzwa kwa kampuni ya Amazon na taasisi inayozisimamia, kwa fedha ambazo zimekuwa zikitolewa kama ruzuku kwa miradi ya redio na elimu. Wapo waendeshaji waliokasirika, na hawakukosa sababu, kwa kuwa hawakuulizwa. Lakini robo tatu zilizosalia bado zimetengwa kwa ajili ya watu wenye leseni, na idara inayoanzisha nodi inaweza kuomba.

Idara za Kiswahili, kwa hiyo, hazina sababu ya kungoja idara za uhandisi. Tasnifu ya uzamili katika istilahi inaweza kuwa na sura mbili: uchambuzi wa kawaida, na mwongozo kamili wa Kiswahili wa kusimamisha nodi, ulioandikwa na mtahiniwa baada ya kupata leseni na kuisimamisha yake. Mwongozo huo akabidhiwe mtu wa tatu ambaye hajawahi kuiona Linux, apewe redio, modemu, kompyuta kuukuu na muda wa wiki moja, na asiongezewe neno. Mtahini wa nje naye, mwenye leseni au akiwa chini ya uangalizi wa aliye nayo, akae upande wa pili wa kilima, aite alama ya mwito iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, na angoje stakabadhi.